Nimekauka Vizuri

Chang'ombe, Dodoma
10 Machi 1996

Shangazi yangu Bi Mwanamvua,

Shikamoo. Kondakta wa basi la Kondoa ameniambia kwamba huko Kolo mvua imenyesha na mahindi yamefika kifuani. Nimefurahi. Huku mjini tumepata manyunyu tu. Mimi mzima, na mwenye nyumba wangu, Mama Zipora, anakusalimu ingawa hamjaonana. Kazi ipo. Tangu chama cha ushirika kifungwe, alizeti inanunuliwa na watu binafsi, na bosi wangu ananunua nyingi kuliko wenzake. Kutwa nzima niko ghalani na mizani.

Habari ya posa nimeipata. Kwamba Mzee Abdulrahim amepokea wale ng'ombe wawili wa mahari na amekubali kumtoa Batuli kabla ya Ramadhani ijayo, sina la kuongeza ila shukrani. Baba angekuwa hai angekwenda yeye. Umekwenda wewe, na shangazi ni baba wa kike.

Jambo la pili. Sikukuu ya Idi ulisema mbele ya watu kwamba mabega yangu ni ya mbuzi wa kiangazi. Neno lile nimelifanyia kazi. Nyuma ya gereji moja hapa yuko fundi anaitwa Kefa, zamani alikuwa jeshini. Amekusanya vyuma: ekseli za malori, ringi za magurudumu, makopo ya maziwa yaliyojazwa saruji. Tuko vijana kumi na wawili, siku nne kwa wiki, saa kumi na moja jioni. Kefa anasema kunenepa si kazi, hata gunia hunenepa. Kazi ni kujaza nyama bila kujaza mafuta. Kwa hiyo kila Jumatatu asubuhi, kabla sijala, napanda mizani ya alizeti, na kila mwisho wa mwezi napima kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Uzito ukipanda zaidi ya nusu kilo kwa wiki, napunguza ugali. Usipopanda, naongeza. Leo nina kilo sitini na moja, kiuno sentimeta sabini na nne.

Naomba karanga debe moja, mbichi. Na kwa kuwa barua ya mchumba haiendi kwa msichana, bali husomwa na shangazi mkekani mbele ya baba yake, basi isome, Mzee Abdulrahim ajue mkwe wake anaendeleaje.

Mwanao,
Hanifu Shaibu


Kolo
7 Aprili 1996

Hanifu mwanangu,

Marahaba. Sisi tupo. Mahindi yaliyofika kifuani nyani wameyarudisha magotini. Wazungu wanazidi kuja kutazama michoro ya mwambani, wanapanda kilima kwa jasho kwenda kuona watu waliochorwa, na walio hai wanawapita njiani bila salamu. Ndugu yako Abdulnasiri, mwanangu, amenunua pikapu. Si mpya lakini inatembea, anapeleka chumvi na sabuni hadi Haubi. Shingo imejaa, kola za mashati hazifungi. Watu wakimwona wanasema mama yake anajua kupika.

Karanga nimempa kondakta. Zihesabu kwa macho, amekaa nazo saa sita.

Barua niliisoma mkekani. Mzee Abdulrahim alicheka, akasema, "Mtu anayejipima kama gunia, atanunuliwa na nani?" Nami nikacheka. Lakini nikuulize. Hicho chuma kikishanyanyuliwa kinakwenda wapi? Sisi tunanyanyua maji, kuni na maiti, na kila kimoja kina mahali pa kukitua.

Ujue kwamba watu wanakutazama. Kaka yako Mustapha alipoanza kupungua kule Mbeya, mwaka wa tisini na mbili, aliandika kwamba ni kazi nyingi. Barua ya pili akaandika malaria. Barua ya tatu haikuja, alikuja mwenyewe, ameletwa. Nilimwogesha miezi mitano. Uzito wake wa mwisho naujua bila mizani, kwa sababu nilimbeba kwa mkono mmoja na mkono wa pili umeshika taa.

Kwa hiyo ongezeka. Nyama au mafuta, hilo ni shauri lenu na Kefa. Wewe ongezeka.

Shangazi yako,
Mwanamvua


Dodoma
23 Juni 1996

Shangazi,

Shikamoo. Baridi imeingia, watu wamevaa makoti ya mitumba mpaka magotini. Mama Zipora anauliza kama huko kwenu asali ipo. Mimi sijaugua hata mafua.

Nakwambia ninachokula, kwa sababu najua utaulizwa. Asubuhi mayai sita: weupe wa yote na kiini kimoja. Viini vitano Mama Zipora anawakaangia wanawe, ambao sasa wananenepa kwa niaba yangu. Saa nne uji wa ulezi na karanga zako, kiganja kimoja, si viwili. Mchana ugali wa dona na maharage. Jioni baada ya vyuma, dagaa, au nyama ya kuchemsha iliyokatwa mafuta yote kwa kisu. Maziwa nayaengua. Soda, chipsi na maandazi nimeviacha. Nundu sigusi. Harufu yake tu sasa inanigeuza tumbo. Saa tatu nimelala, maana Kefa anasema nyama huota usingizini.

Nina kilo sitini na tano, na kiuno kimeongezeka sentimeta moja tu. Mwenzetu mmoja hakufuata kanuni, akala kila kilichopita mbele yake. Amepanda kilo tisa na hazioni kamba za viatu vyake. Kefa anamwita Tenki.

Uliuliza chuma kinakwenda wapi. Kuna jambo mwezi wa kumi na moja. Nitakuambia likishapita.

Hanifu


Kolo
4 Agosti 1996

Hanifu,

Marahaba. Maulidi yamesomwa, tumechinja mbuzi wawili. Mzee Abdulrahim alibanwa na kifua katikati ya wiki, Abdulnasiri akampeleka Kondoa kwa pikapu na kumrudisha, hakutaka hata asante. Batuli alimletea maji ya kunawa. Ni msichana mwenye adabu.

Kilo nne zimewapendeza. Habari ya nundu sikuisoma, niliiruka. Huku mtu akikataa nundu anasemwa, nawe unajua.

Jambo la mwezi wa kumi na moja silijui na sikuulizi. Leta picha.

Mwanamvua


Dodoma
6 Oktoba 1996

Shangazi,

Shikamoo. Joto limeanza. Bosi ameongeza lori la pili. Mtoto mmoja wa Mama Zipora ameanza shule na ananiita Baba Mayai.

Nina habari njema. Mwisho wa Agosti nilifika kilo sitini na tisa, kiuno sabini na saba. Kefa akasema kazi ya kujaza imekwisha, sasa ni kukauka. Tangu hapo ugali ni nusu, chumvi kidogo, na kila alfajiri nakimbia hadi Nzuguni na kurudi. Nimeshuka hadi sitini na tano, na kilichotoka ni mafuta matupu.

Nimekauka vizuri, shangazi. Mishipa inaonekana kutoka mkononi hadi tumboni, ngozi imekuwa nyembamba kama karatasi, mashavu yameingia ndani. Suruali zote nimempa fundi azipunguze. Kefa anasema tangu aanze kazi hii hajaona mtu aliyekauka kama mimi. Nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo.

Picha uliyotaka hiyo hapo, nilipiga wiki iliyopita.

Hanifu


Kolo
27 Oktoba 1996

Hanifu mwanangu,

Marahaba. Wote wazima. Pikapu ya Abdulnasiri imepata tairi mpya.

Barua yako niliisoma mkekani siku ya Ijumaa baada ya sala. Walikuwapo Mzee Abdulrahim, mdogo wake Hassani, na mama yake Batuli. Nilisoma neno kwa neno. Sikuongeza, sikuruka.

Nilipofika "nimekauka vizuri", Mzee Abdulrahim akasema, "Rudia hapo." Nikarudia.

Hassani akasema, "Kinachokauka vizuri ni dagaa."

Mama yake Batuli akauliza, "Ameandika kwamba ana furaha?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Basi imemfika kichwani."

Picha ikazunguka. Hassani aliishika kwa ncha za vidole, akasema wale waliochorwa mwambani wana nyama zaidi. Batuli alileta kahawa, akaiinamia picha pale mkekani, akasema, "Lakini macho ni yake." Mama yake akamrudisha jikoni.

Hakuna aliyetaja jina la kitu. Hakuna anayelitaja, na mimi silitaji hapa. Mzee Abdulrahim aliuliza tu Mustapha alikufa mwezi gani.

Wameamua kuja kukuona kwa macho, yeye na Hassani, Jumapili tarehe 24 Novemba. Wanataka kukuona unakula. Chakula usihangaike. Nitapika mwenyewe, nitawapa hotipoti.

Mwanamvua


Dodoma
4 Desemba 1996

Shangazi,

Shikamoo. Mvua imepiga mara moja ikaondoka. Mama Zipora anakusalimu.

Wazee walifika. Najua wamekwisha kukusimulia, nakusimulia na mimi ili upande wangu uwepo kwenye karatasi.

Barua yako ilinipa wiki tatu. Wiki ya mwisho nilirudisha ugali, sahani mbili mchana na mbili usiku, chapati, chai ya maziwa, ili mashavu yatoke. Hayakutoka. Lilitoka tumbo. Kwa hiyo siku ile nilivaa mashati matatu na koti la bosi juu yake, nionekane nimejaa. Unajua Novemba ya Dodoma ilivyo.

Mzee Abdulrahim alinishika mkono, akaugeuza kama anakagua ndizi sokoni. "Mbona unatoka jasho, baba?"

"Joto, mzee."

"Joto, na koti umevaa?"

"Kuna upepo kidogo."

Hassani akamgeukia kaka yake. "Upepo anausikia yeye peke yake. Homa ina upepo wake."

Kisha wakafungua hotipoti yako. Nundu. Vipande vinane, vinaogelea. Nilikuandikia mwezi wa sita kwamba sigusi nundu, ukanijibu kwamba mstari huo uliuruka. Miezi minane tumbo langu halikuwa limeonja kitu kama kile. Mzee Abdulrahim alinimegea kwa mkono wake, kama mkwe anavyomegewa. Cha kwanza kilipita. Cha pili kilipita. Cha tatu kilipanda. Nilikitema kwenye leso nikidhani hawaoni, nikaitia mfukoni mwa koti, hapa kifuani. Mafuta yakapenya. Doa likawa kubwa kama kisahani, nao wanalitazama likikua.

"Hakipiti, mwanangu?" Hassani aliuliza kwa upole sana.

"Kinapita, baba mdogo."

"Koo linauma?"

"Haliumi."

"Basi sawa." Akafunika hotipoti. Hakuna aliyekula tena. Ndoo ya maji ilikuwa mlangoni, hawakuigusa. Walinawa kwa maji waliyokuja nayo kwenye chupa.

Nilipaswa kusema ukweli pale pale. Nakwambia wewe sasa. Tarehe thelathini Novemba kulikuwa na mashindano ya kutunisha misuli hapa mjini. Vijana kumi na mmoja jukwaani, tumejipaka mafuta ya nazi, tumevaa chupi. Ndiyo, chupi, mbele ya watu mia tatu, na wanawake wamo. Kujaza kote na kukauka kote kulikuwa kwa ajili ya siku hiyo. Ningemwambiaje baba yake Batuli? Niliona heri wadhani naumwa kwa wiki moja kuliko wajue kwamba navua nguo. Nilijua damu yangu ni safi na kwamba itapimika. Aibu haipimiki.

Nilikuwa wa nne. Mwamuzi alisema misuli ipo lakini imefunikwa na maji. Hayo ni maji ya wiki ile ya ugali na chumvi. Kefa hakunipa pole. Alisema, "Umejiharibu kwa ajili ya watu ambao hawakukuamini hata hivyo." Wa kwanza alipata redio kaseti. Mimi nilipewa fulana.

Jana nimekwenda kupima damu. Cheti kiko ndani ya bahasha hii, kina jina langu na muhuri. Sina ugonjwa. Naomba kisomwe mkekani pamoja na barua hii yote, pamoja na chupi. Aibu nimekubali kuibeba. Batuli sikubali kumkosa.

Hanifu


Kolo
11 Desemba 1996

Hanifu mwanangu,

Marahaba. Nimempa barua hii dereva wa Abdulnasiri ikufikie upesi.

Cheti niliwasomea mpaka tarehe. Mzee Abdulrahim hajui kusoma lakini muhuri anaujua. Alikigeuza juu chini, akasema, "Siku hizi kila kitu ruksa. Mkate wa ng'ambo ruksa, suruali za marehemu ruksa. Karatasi ya damu itashindwaje kuuzwa?" Hassani akasema kwamba Mustapha naye alikuwa na karatasi yenye muhuri.

Barua yenyewe sikuisoma. Habari ya chupi imebaki kwangu, kwa heshima yako na ya marehemu baba yako.

Wameuliza kama ukoo wetu una kijana mwingine, maana neno lilikwisha kutoka na wageni wamealikwa. Sikuweza kusema hatuna. Batuli anaolewa na Abdulnasiri, Ijumaa tarehe 20, kabla ya Ramadhani kama ilivyopangwa. Ng'ombe wako wawili hawajatoka zizini, tumeona wabaki, wabadilishwe jina la mwenyewe tu. Wako watakuja wengine, Mungu akijalia. Kuoa si kukimbia.

Usinifikirie vibaya. Nilikwisha kumwogesha mmoja. Wa pili nisingeweza, wala nisingemwachia mtoto wa watu amwogeshe.

Cheti nakurudishia, usije ukakihitaji kwingine.

Kuna ombi. Abdulnasiri amemtengenezea Batuli kabati huko Dodoma, la mninga, milango mitatu na kioo. Fundi amelimaliza. Lori la bosi wako linakuja Kondoa wiki hiyo. Kwa kuwa Mungu amekujalia nguvu, tunaomba ulipakie na uje nalo mwenyewe, vijana wa kukodi wanavunja vioo.

Mwanamvua


Dodoma
29 Desemba 1996

Shangazi,

Shikamoo. Nimerudi salama.

Najua ulikuwapo, lakini siku ile ulikuwa na shughuli ya sahani, pengine kuna ambayo hukuyasikia. Lori lilikwama Haneti siku mbili, ndiyo maana nilifika Jumamosi, ndoa imekwisha kupita. Kabati lile lina uzito wa gunia moja na nusu la mahindi. Vijana wanne walilishusha, wakashindwa ngazi. Abdulnasiri akasema lake atalibeba mwenyewe, akashika upande mmoja, akaenda hatua sita, akaketi chini akipepewa na mkewe wa siku moja. Nikaomba kamba. Nikalifunga mgongoni nikalipeleka peke yangu, ngazi tano, ukumbi, mpaka chumbani, nikalisimamisha kwenye ukuta ulionionyesha. Kioo hakikupata hata ufa.

Nilipotoka, Batuli alikuwa amesimama mlangoni na mama yake. Akasema, si kwa kunong'ona, "Mama, huyu ndiye mgonjwa wenu asiyeweza kumeza?"

Mama yake akamwambia, "Funga mdomo. Wewe ni mke wa mtu."

"Nauliza tu. Maana mzima wenu yuko pale kwenye ngazi, anatafuta pumzi."

Hassani alicheka, kisha akakumbuka asicheke. Mimi niliomba maji. Mliniletea kwenye kopo la kuogea. Nikayanywa, nikapanda lori.

Hanifu


Kolo
9 Machi 1997

Hanifu mwanangu,

Nakuanza kwa salamu mimi niliye mkubwa, usinipe shikamoo. Sikukuu ilikuwa kavu. Mvua hakuna, mtama umenyauka.

Batuli ana mimba ya miezi miwili na inamtapisha. Hata maji hayakai. Amekonda, Hanifu. Mikono imebaki mifupa, mashavu yameingia. Watu wameanza. Wanasema ukweli ulikuwa ule ule, kwamba wewe unao, na kwamba Idi ya mwaka jana ulikaa naye barazani kwao mpaka taa ikazimwa. Mama yake mwenyewe ameanza kuhesabu siku. Abdulnasiri amehamishia godoro dukani. Kupimwa hataki, wala yeye wala mkewe, anasema akionekana mlangoni pa hospitali hakuna atakayenunua tena hata kiberiti kwake. Anataja talaka.

Nimembeba juzi kwenda msalani. Najua uzito huo.

Kile cheti chako kilete. Mzee Abdulrahim sasa anasema muhuri wake ulikuwa halali. Mtu huamini karatasi anapoihitaji. Na uandike mistari miwili kwa mkono wako, kwamba hukuwahi kumgusa. Ukiwa mzima wewe, na hukumgusa, basi yeye ana mimba tu na watu watanyamaza. Nitaisoma mkekani neno kwa neno, naapa.

Hasira yako ni yangu, ilipize kwangu. Msichana hakukosa kitu. Fanya haraka.

Shangazi yako,
Mwanamvua


Dodoma
20 Julai 1997

Shangazi yangu Bi Mwanamvua,

Shikamoo. Barua yako ya Machi ilinifikia mwezi huo huo wa Machi. Mama Zipora anakusalimu, na wanawe wote wamepasi. Alizeti ya mwaka huu ni nyepesi kwa sababu ya ukame, gunia linajaa lakini mizani hailioni. Hata hivyo kazi ipo. Bosi amenipa ghala la pili. Kefa amehamishia vyuma Nzuguni, kuna nafasi zaidi.

Nimeanza tena kujaza. Safari hii polepole, robo kilo kwa wiki, nikijifunza kwa makosa ya mwaka jana. Nina kilo sabini na moja, kiuno ni sabini na sita na hakijasogea tangu Aprili. Kefa anasema mwili wangu sasa unasikia unachoambiwa. Mashindano ni Novemba.

Kondakta amenisimulia kwamba Batuli alirudishwa kwa baba yake mwezi wa tano, na kwamba mimba haikukaa. Anasema kwao wamemtengea kikombe chake na sahani yake. Poleni. Katika nyumba zenu zote ni yeye peke yake aliyenitazama.

Cheti ninacho. Kimo sandukuni, hakijakunjika, muhuri unasomeka. Mzee Abdulrahim alisema ni karatasi ya kununuliwa, nami sipendi kumuuzia mzee. Mistari miwili uliyoitaka nimeielewa.

Barua hii unaweza kuisoma mkekani. Hamna neno la kuruka.

Mwanao,
Hanifu Shaibu